Kisu cha mfukoni kilichoshika kutu: namna ninavyokisafisha hapa Lamu

Kazi yangu ni matanga. Nakata, nashona na kutia viraka matanga ya mashua, na kazi hiyo haiendi bila kisu cha kukunja mfukoni. Ndiyo maana mtu akikuta kisu ndani ya sanduku la babu yake, kimefumba na hakifunguki, huniletea mimi barazani hapa Langoni. Naandika haya ili mjifanyie wenyewe nyumbani, kwa sababu kazi haitaki mashine wala fundi. Inataka mafuta na subira, na kujua pa kuachia.

Hapo pa kuachia ndipo penye mgogoro. Kila anayekuja husema, "Ami, hiki cha marehemu babu, nataka king'ae kama kipya." Mimi humuuliza, king'ae kwa nini? Kisu cha zamani kina vitu viwili juu ya bapa lake, na watu huvichanganya. Kuna kutu nyekundu, ile inayokuachia unga kidoleni. Hiyo inakula chuma na haitasimama yenyewe. Halafu kuna weusi, au ukijivu ulioingia buluu, uliotokana na miaka ya kukata embe, popoo na chambo. Huo umeshikana na chuma na unakikinga. Nyekundu iondoe yote, nyeusi iache mahali pake. Ukilisugua bapa mpaka ujione uso, umekivua kisu nguo, na kwa hewa yetu hii ya chumvi utakikuta kimeshika kutu mpya kabla hujamaliza kuwaonyesha majirani.

Kijue kwanza kisu chako. Vingi ninavyoletewa ni Okapi: mpini wa mti uliopachikwa vijimwezi na vinyota vya madini, na pete ndogo mgongoni ambayo ukiivuta springi inaachia na bapa linakunjika. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Ni kisu cha bei ya chini na chuma chake ni kizuri, kinanoleka upesi, lakini hakina kinga yoyote dhidi ya kutu. Mara mojamoja huja Opinel ya Ufaransa iliyoachwa na mgeni wa boti, yenye mpini wa mti wa duara na pete ya kuzungusha. Tena vipo vile vya Sheffield, Uingereza, vyenye mpini wa pembe na mbavu za shaba ndani. Hivyo nikivishika huwa sina haraka ya kuvirudisha.

Kama hujui chuma chako ni cha kaboni au ni stenlesi, usihangaike na sumaku, maana stenlesi ya visu nayo hushikwa na sumaku. Tone la ndimu litakwambia. Litie karibu na bawaba, mahali pasipoonekana, ungoje dakika chache. Chuma cha kaboni kitafanya doa la kijivu, stenlesi haitabadilika. Futa, osha. Na stenlesi pia hushika madoa ya kutu baharini, isipokuwa yake hukaa juujuu na hutoka kwa urahisi. Sehemu kubwa ya maneno yangu ni kwa kile cha kaboni.

Vya kukusanya: mafuta ya cherehani, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya mgando, siki, ukwaju au ndimu, soda ya kuokea, mswaki mkuukuu, vitambaa vya pamba (kikoi kilichochoka ndicho bora), msasa wa maji namba 600 na 1000, na chelewa chache kutoka kwenye ufagio. Ukipata pamba ya chuma laini, ile yenye alama ya sifuri nne, vizuri zaidi. Ile nene ya kusugulia masufuria iache jikoni. Tafuta pia kipande cha ubao, na tepu ya mafundi umeme ya kuzungushia makali. Usiifanye kazi hii huku makali yako wazi. Springi ya kisu kilichoganda ikiachia, huachia ghafla, na kidole kiko njiani.

Anza na bawaba, si na bapa. Watu wote hurukia bapa kwa sababu ndilo linaloonekana, wakati maradhi ya kisu cha kukunja yako ndani ya bawaba: chumvi, mchanga, magamba ya samaki, nyuzi za mfuko wa shati, na mafuta ya kupikia ambayo mtu aliyatia kwa nia njema yakageuka gundi. Kisu kikiwa hakifunguki, usikishike kwa koleo. Utakwangua bapa au utavunja ncha, na ribiti, ule msumari unaoshika bawaba, itabaki pale pale. Chukua kizibo cha chupa, tia mafuta ya taa, halafu simamisha kisu ile ncha yenye bawaba iingie ndani ya kizibo. Kizibo hakina kina, kwa hiyo bawaba inalowa na mti wa mpini haulowi. Kiegemeze ukutani mbali na jiko na watoto, ukiache usiku kucha.

Asubuhi kifute, ukianike juani juu ya sakafu nusu saa. Chuma kikipata joto mafuta huwa mepesi na hupenya zaidi. Joto la jua linatosha. Nimeona watu wakipitisha bawaba kwenye moto wa mkaa, na hilo ni kosa la kuua kisu, maana chuma kilichotiwa ukali kiwandani hulegea kikipata moto, na springi iliyolegea hairudi tena. Sasa jaribu kufungua kwa ukucha, taratibu. Likisogea upana wa uzi, inatosha. Rudisha, ongeza tone, sogeza tena. Litatoka tope la rangi ya chai, lifute. Endelea hivyo, tone na kitambaa, mpaka kitambaa kitoke safi. Kwa vile vilivyokaa miaka ndani ya sanduku kazi hii inaweza kuchukua siku mbili, na humo huna la kufanya ila kupita, kutia tone, na kwenda zako.

Kikishafunguka, chukua chelewa, ichonge iwe bapa, upitishe ndani ya ule mfereji bapa linamolala. Utashangaa kitakachotoka. Chelewa ni nzuri kwa sababu ina ugumu wa kukwangua uchafu na haina ugumu wa kukwaruza shaba. Msumari na sindano viweke mbali. Kwenye Okapi usisahau chini ya ile pete na kwenye meno yanayolia unapofungua, kwa kuwa mchanga ukikaa hapo springi hushindwa kushika jino, na kisu kitakufungia mkononi.

Kisha osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki, haraka haraka, bila kukiloweka. Na maji ni ya wapi? Hili ni la sisi watu wa Lamu. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na kuoshea kutu maji ya chumvi ni kuipalilia. Tumia maji matamu, yale yatokayo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, au maji ya mvua. Chumvi ndiyo hasa adui: huingia ndani ya vishimo vya kutu, huvuta unyevu hewani, na huendeleza ulaji chini kwa chini hata kama juu umepaka mafuta. Ndiyo maana kisu cha baharini husuuzwa mara tatu nne kabla ya kuguswa na msasa. Ukikiosha, kikaushe papo hapo, ukianike kimefunguliwa mpaka bawaba ikauke, kisha utie tone la mafuta ya cherehani.

Sasa bapa. Lilaze juu ya ubao, mgongo wake upande wako, makali yakiwa na tepu. Paka mafuta, ngoja robo saa, kisha sugua kwa pamba ya chuma laini. Kutu nyepesi itatoka hapo hapo na ule weusi wa chini utabaki. Pasipotoka, ingia msasa namba 600 uliolowa mafuta, halafu 1000. Sugua kwa kufuata urefu wa bapa, kutoka bawaba kwenda ncha, mwelekeo mmoja tu. Ukienda mbele na nyuma au ukizungusha, mikwaruzo itapishana na hutaimaliza. Kunja msasa juu ya kijiti bapa ili usichimbe kwa kidole. Fika karibu na mhuri wa kiwanda ukapunguze mkono. Mhuri ndio cheti cha kisu, na jasho la dakika mbili la msasa linaweza kuufuta. Hapo mimi hutumia kifutio cha penseli, au chelewa niliyoichovya kwenye majivu yaliyochungwa na tone la mafuta.

Kuna wanaosugua kwa mchanga wa ufukweni na kumbi la nazi, kama wanavyosugua chungu. Mchanga wa pwani una chumvi, na punje zake ni kubwa. Acheni hiyo.

Kutu iliyoshika sana huhitaji siki, lakini siki ni ya kulindwa. Kwanza paka mafuta ya mgando kwenye bawaba na kwenye kila mwanya ambapo bapa hukutana na mpini, ili asidi isipenye. Lowesha kitambaa kwa siki, kikamue, kizungushe kwenye bapa peke yake. Kila baada ya dakika tano fungua utazame. Dakika ishirini kwa kawaida zinatosha. Ukiacha usiku kucha siki itamaliza kutu kisha itahamia kwenye chuma kizima na kukiacha na uso wa kijivu wenye chengachenga. Ikishalainika, kwangua kwa kipande cha foili kilichokunjwa na kuloweshwa mafuta. Foili ni laini kuliko chuma, haitakwaruza. Halafu changanya kijiko cha soda ya kuokea na maji kidogo, paka uji huo kuua asidi iliyobaki, suuza, kausha kwa kitambaa, kausha tena juani, paka mafuta. Hatua hizo za mwisho usizitenganishe kwa kwenda kunywa chai. Chuma kilichotoka kwenye siki huanza kupata rangi ya machungwa mbele ya macho yako.

Vishimo vilivyokwisha kuliwa, viache. Kuvifuata kwa msasa mpaka viishe ni kulipunguza bapa zima lifikie kina chake, na bapa la kisu cha mfukoni halina unene wa kupoteza. Toa unga mwekundu ndani yake kwa ncha ya chelewa na mafuta, basi.

Na ikiwa umelazimika kusugua mpaka bapa likawa jeupe, lirudishie weusi wake. Msimu wa maembe, chukua embe bichi, lichome kwa kisu mpaka karibu na mpini, acha nusu saa. Toa, suuza kwa maji matamu, futa, paka mafuta. Utapata mawimbi ya buluu na kijivu ambayo hayafanani kwa visu viwili. Nje ya msimu, chai ya rangi iliyokolea sana, iliyopoa, ikitiwa kijiko cha siki, hufanya kazi hiyo hiyo kwa saa moja: ukali wa majani ya chai hushikana na chuma ukafanya ngozi nyeusi. Usitie chumvi wala sukari. Nikikabidhi kisu chenye rangi hii, vijana hunitazama kana kwamba sijakisafisha. Siwalaumu, wamezoea vya dukani. Wakirudi baada ya masika kisu kikiwa vile vile, hatubishani tena.

Shaba ina njia yake. Mbavu za ndani, ribiti, na vile vijimwezi, zikififia huwa kahawia, na zikikaa na jasho na mafuta machafu hutoa kutu ya kijani. Ile ya kijani ni sumu, kwa hiyo usikatie matunda kisu chenye nayo kabla hujakiosha. Ponda ukwaju kwa maji kidogo uwe uji mzito, paka kwenye shaba kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, sugua dakika mbili tatu, futa kwa kitambaa cha maji, kisha cha soda, kisha kikavu. Ndimu nayo hufanya, ila ina mbio zaidi. Usipake ukalala. Shaba ya njano ina zinki ndani yake, na asidi ikikaa huitoa zinki ikabakisha uso mwekundu. Brasso ya dukani ni nzuri kwa shaba iliyo wazi. Kwenye kisu itie kidogo sana, kwa sababu huacha unga mweupe kwenye mianya, na ile amonia yake si kitu cha kuacha kwenye ribiti. Vile vyuma vyeupe vya kwenye ncha za mpini, ambavyo wenyewe huapa ni fedha, mara nyingi ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Chaki ya shule iliyosagwa na maji inavitosha.

Mpini hauna mengi. Wa mti, ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, uache ukauke kivulini, upake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, usugue mpaka usinate. Wa pembe au mfupa, maji ya moto ni marufuku, hupinda na kupasuka. Mafuta kidogo kwa kitambaa yanatosha. Opinel ikikaa hewa ya bahari mti wake huvimba na bapa hukwama. Hiyo si kutu, iweke mahali pakavu siku kadhaa na itaachia yenyewe. Wa seluloidi, ile plastiki ya zamani ya rangi rangi kama gamba la kobe, uweke mbali kabisa na moto maana hushika upesi, na ukianza kutoa harufu kali kama dawa, mvuke wake unatafuna chuma cha kisu chenyewe na cha vingine vilivyo kwenye sanduku hilo. Utenge. Mpini wa pembe ya ndovu mimi sishiki. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iko wazi kuhusu vitu hivyo, na kauli ya kwamba ni cha babu haikuokoi.

Kunoa ni somo jingine. Tumia kinoo cha mkono na mafuta au maji, pembe ya nyuzi 20 hivi, pole pole. Usikipeleke kwenye jiwe la umeme. Cheche zile ni bapa la babu yako linaondoka, na makali yakishaingia rangi ya buluu ujue chuma kimepata joto la karibu nyuzi 300 na hakitashika tena ukali.

Mafuta ya mwisho yategemee kazi ya kisu. Cha kamba na nyavu, mafuta ya cherehani. Cha kukatia tambuu au matunda, mafuta ya nazi kwenye bapa, membamba kabisa, maana kinaingia mdomoni. Lakini bawaba ya kisu chochote ipate ya cherehani tu. Mafuta ya kupikia hukauka humo yakawa gundi. Na tafadhali, sifa, yale mafuta ya samaki tunayopaka vyombo vya bahari, isikaribie kisu. Huganda, na harufu yake utakwenda nayo msikitini.

Wakati wa kuweka, kitoe kwenye ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na chumvi ikavikumbatiza na chuma. Kizungushe kwenye kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ukiweke juu ya kabati la mti, si kwenye shimo la ukuta wa mawe, kwani kuta zetu za matumbawe hupumua maji masika mzima. Vile vijifuko vya punje vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu tieni humo humo, vinasaidia kidogo. Mara moja kwa mwezi kifungue, kifute, tone moja bawabani.

Kama bapa linatikisika upande kwa upande hata baada ya kusafishwa, ribiti imelegea. Laza kisu juu ya chuma kizito, ugonge kichwa cha ribiti kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi pembeni kuzunguka, ukijaribu bawaba kila baada ya pigo moja mawili. Ukizidisha, kitakaza kisifunguke, na kukirudisha ni kazi ya fundi.

Majambia yenye fedha sikuyataja kwa makusudi, kwa kuwa fedha haiharibiwi na kutu bali hushika weusi wa salfa, na kazi za nakshi zinaweza kuwa na lami au gundi ndani ambayo maji ya moto na soda huiyeyusha. Hayo mpelekee sonara. Mkiniletea mimi visu, njooni mapema. Wiki ya Maulidi ya msikiti wetu wa Riyadha kila mtu hukumbuka alichonacho sandukuni, na siku hizo mimi nina matanga ya mashindano mbele yangu na bawaba moja hutaka usiku wake mzima kwenye kizibo.